Kwa Shangazi, Ng'ambo ya Horohoro

Ile nyumba ya Diani niliilipia mimi mwenyewe, kwa simu, wiki tatu kabla ya safari, na nikajiona mjanja.

Hesabu yangu ilikuwa hivi. Shangazi yangu, dada wa marehemu baba, anakaa Ukunda, pwani ya kusini ya Kenya. Ana miaka 68. Nyumba yake ina vyumba vitatu, na humo wamo mwanawe, mke wa mwanawe na wajukuu wanne. Sisi kutoka Tanga tulikuwa watano: mimi, baba watoto, na watoto watatu waliokuwa wamefunga shule ya Disemba. Tulipanga siku nane. Nikasema, tukiwaingilia watu na mabegi yetu yote tutawachosha. Afadhali tupange nyumba Diani, ambako kwa tuktuk si mbali, mchana tushinde kwa shangazi, usiku tumwachie nafasi apumue. Baba watoto aliuliza mara moja tu, "Una uhakika?" Nikamjibu kwamba hiyo ndiyo adabu ya siku hizi. Hakuuliza tena, na mpaka leo ananikumbusha kwamba aliuliza.

Safari yenyewe si ya kutisha. Tanga mjini hadi Horohoro ni kilomita 65, lami tupu. Baba alikuwa akitusimulia barabara hiyohiyo enzi za vumbi na tope, basi linanasa na abiria wanashuka kusukuma, wanaume mbele na wanawake nyuma na watoto mgongoni. Sisi tulifika mpakani jua halijawa kali, kitinda mimba akiwa bado amelala na mdomo wazi.

Kilichotusumbua ni karatasi, na hizo zilianza miezi miwili nyuma. Pasipoti ya Tanzania ni shilingi 150,000. Mimi na mume wangu tunazo. Kuwakatia na watoto watatu kwa safari ya kwenda kumwamkia bibi yao, mfuko ulikataa. Tukawachukulia hati ya dharura ya safari, ambayo kwa kuzunguka hapa Afrika Mashariki inatosha na bei yake haiumizi. Ila mtu asiiache mpaka wiki ya mwisho, maana Disemba kila mtu huwakumbuka ndugu zake siku moja. Na vyeti vya kuzaliwa viwe kwenye mkoba wa mkononi. Vyangu nilivifungia kwenye begi, begi likawekwa kwenye buti la basi chini ya mabegi ya watu wote, na nimewahi kupiga magoti kwenye changarawe nikitafuta zipu huku dereva akipiga honi. Sitarudia.

Mpaka siku hizi ni kituo kimoja. Ukienda Kenya unashukia upande wa Lunga Lunga, maofisa wa nchi zote mbili wako chini ya paa moja: dirisha hili unagongewa muhuri wa kutoka, la pili unagongewa wa kuingia. Ukirudi, yote hayo unayamalizia Horohoro. Tuliulizwa kadi za homa ya manjano, tukazitoa. Kitinda mimba wangu, miaka saba, alikuwa ametegemea kuona mstari, kama ule wa kwenye ramani ya darasani.

"Kenya inaanzia wapi, mama?"

Nikamwonyesha geti. Akatazama vichaka vya huku, akatazama vya kule.

"Mbona ni vilevile?"

Jibu ninalo, ila ni refu kwa mtoto mwenye njaa. Mwaka 1886 Wajerumani na Waingereza, wakiwa hukohuko Ulaya, walikubaliana mstari uanzie mdomo wa mto Umba upande bara, huku kwake Mjerumani, kule kwake Mwingereza. Sisi Wadigo tukajikuta tuko pande zote mbili. Baba wa babu yangu kazikwa karibu na Msambweni, Kenya. Mkewe kazikwa Mkinga, Tanzania. Wote wawili walizikwa nyumbani kwao.

Hapo mpakani nilifanya kosa jingine, nalo ni la pesa. Vijana wa kubadilisha walituzunguka na mabunda yao, basi linanguruma, nikabadilisha fedha zote za safari kwa mkupuo bila hata kutoa kikokotoo. Shilingi moja ya Kenya wakati ule ilikuwa kama 19 za kwetu. Nimeuziwa kwa ngapi, sitaki kusema hadharani. Binamu yangu alicheka sana. Siku hizi unatuma kutoka simu ya Tanzania hadi simu ya Kenya na pesa inafika imeshabadilika, ukibeba taslimu za nauli na maji tu inatosha.

Tulipitia Diani kwanza, tukashusha mabegi, tukaoga, tukachukua tuktuk hadi kwa shangazi. Mkononi nilikuwa na furushi moja la viungo vya Amani, kule milima ya Usambara, iliki na pilipili manga, kwa sababu najua anavyopenda. Alitupokea mlangoni. Watoto wakamwamkia, wakambusu mkono, akawashika vichwa mmoja mmoja. Kisha akatazama mikono yetu. Akatazama nyuma yetu, kwenye tuktuk iliyokuwa inageuza.

"Mabegi yako wapi?"

"Tumeyaacha Diani, shangazi."

"Sasa mwalala wapi?"

"Tumepanga nyumba hukohuko. Tusije tukakusumbua."

Alikuwa ameshika birika. Akamimina chai vikombe vyote vitano, taratibu, bila kudondosha tone, akaliweka birika juu ya kitambaa chake, akasema, "Haya. Wageni, chai hiyo."

Kisha akamgeukia mwanawe wakasemezana Kidigo. Baba alikuwa akiongea naye Kidigo kwenye simu, sisi watoto tukaishia kukisikia tu bila kukisema, lakini nilichosikia kilinitosha. Chai ikanikaa kooni.

Usiku ule Diani watoto walifurahi, sitaficha. Kulikuwa na bwawa la kuogelea na kiyoyozi. Mimi sikulala. Baada ya Alfajiri tu nikasikia tuktuk nje, binamu yangu kasimama uani na kanzu yake ya swala.

"Mama kanituma mabegi."

"Kasema nini?"

"Kasema nisirudi bila mabegi."

Pesa za siku saba zilizobaki hazikurudishwa. Ndivyo tulivyokubaliana wakati wa kulipa, sina wa kumlaumu. Baba watoto alibeba begi la kwanza hata kabla sijamaliza kufunga la pili.

*

Kwa shangazi tulipangwa hivi: mimi na yeye kitanda kimoja, baba watoto chumba cha binamu, na watoto saba wote sebuleni kwenye mikeka. Nilidhani wangu watalalamika, hasa mkubwa ambaye ana miaka 15 na mambo yake. Siku ya pili nikasikia wanagombania nani alale katikati.

Lugha ndiyo iliyowachekesha. Kabla ya kwenda niliwaambia msiwe na wasiwasi, wenzenu wanasema Kiswahili kama sisi, na ni kweli, ila maneno ni kama watu wa ukoo mmoja, wengine wamehama na kubadili kazi. Kitinda mimba aliwaambia watoto wa jirani, "Nimekuja kwa bibi yangu." Wakaanguka chini kwa kicheko. Kule bibi ni mke, na huyu ni wa darasa la pili. Wakamfundisha aseme nyanya. Akakataa katakata, hawezi, kasema, kumwita mtu mzima mboga.

Mkubwa alitumwa dukani unga wa ngano. Muuzaji akamwambia, "Ongeza mbao." Mtoto akarudi nyumbani mbio kuuliza mbao za nini, mbona ametumwa unga. Kumbe ni shilingi 20. Siku mbili baadaye alikuwa anataja soo na thao kama aliyezaliwa Likoni, na akirudi Tanga akawa anamwomba baba yake mbao na haeleweki.

Mimi mwenyewe niliingia mkenge. Shangazi alikuwa anatoka kwenda msibani, akaniambia kutoka mlangoni, "Nipe leso hapo kitandani." Nikapekua kitanda, sikuona leso, nikamkimbizia ya kwangu, ya kufutia jasho, nyeupe, imekunjwa vizuri. Akaitazama. Akanitazama mimi. "Hii nijifunge wapi, mwanangu? Kwenye kidole?" Khanga zake zilikuwa palepale kitandani, doti nzima.

Nilikuwa na orodha yangu ya likizo. Fort Jesus, bahari, Mombasa mjini, treni kama nafasi ingepatikana. Shangazi naye alikuwa na yake, na ilikuwa na nyumba saba. Saba za ndugu wa kusalimiwa, kuanzia Msambweni hadi Likoni, na kila moja wameshaambiwa tunakuja. Orodha yangu ilipata siku moja. Tulivuka kwa feri ya Likoni, ambayo mtu wa miguu halipi kitu, tukaingia ile ngome waliyoijenga Wareno mwaka 1593 hadi 1596, watoto wakapanda juu ya mizinga wakapigwa picha. Wa kati, msichana wa miaka 11, nilipomuuliza jioni nini kilimfurahisha, akasema feri. Namna ule umati unavyoshuka kwa pamoja, magari na mikokoteni na watu na mbuzi mmoja, na hakuna anayemkanyaga mwenzake.

Kuhusu nyumba saba, nina neno moja la kumwambia anayekwenda kwa ndugu: nyumba ya kwanza usishibe. Mimi nilishiba ya kwanza, kwa mahamri na mbaazi za nazi, na ya tatu, ambako kulikuwa na pilau, nikala huku machozi yananilenga. Huwezi kukataa. Sahani imeshapakuliwa, mwenye nyumba amekaa mbele yako anakupepea.

Ya tano ilikuwa ya mzee mmoja huko Msambweni, binamu yake babu, macho hayaoni vizuri tena. Aliuliza habari za Mkinga. Nikamwambia ni nzuri, kama tunavyosema sote. Akauliza, "Ile minazi ya babu yako, karibu na kisima, nani anaikwea sasa?" Nikanyamaza. "Ilikuwa 42," akasema. "Miwili ilipigwa na radi. Ikabaki 40." Sikujua nani anaikwea. Sikujua kama ipo. Mimi ninayekaa saa moja na nusu kutoka kwenye shamba hilo nimeulizwa na mtu ambaye hajavuka mpaka sijui tangu lini, na yeye ndiye aliyekuwa na hesabu. Usiku huo nilimwandikia kaka yangu. Alijibu asubuhi: "Minazi gani?"

*

Siku tatu zote hizo shangazi hakuniruhusu niguse kitu jikoni. Nikiinuka, "Kaa." Nikichukua ufagio, mke wa binamu ananinyang'anya huku anatabasamu, na ninajua ameagizwa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ya tatu ikapita mikono mitupu. Nilikaa kwenye kile kiti cha plastiki nikihesabu vigae.

Siku ya nne, baada ya Alasiri, alikuwa anachambua mchele wa pilau. Bila kuniangalia akaisukuma mbuzi ya kukunia nazi kwa mguu ikanifikia. "Kuna nazi hizo mbili."

Nikakaa juu ya mbuzi nikakuna. Na ndipo alipoanza kusema, macho yakiwa bado kwenye ungo.

Aliolewa mwaka 1976, msichana wa miaka 20. Harusi ilitoka Mkinga kwa basi, wanaimba njia nzima. Mpaka ulikuwepo, lakini ulikuwa kitu cha kupita. Halafu Jumuiya ya Afrika Mashariki, ile ya zamani, ikaanza kuvunjika, na Februari 1977 Tanzania ikafunga mpaka. Ulikuja kufunguliwa Novemba 1983. Mimi hayo niliyasoma shuleni, nikayajibu kwenye mtihani na nikapata vema.

"Watu walipita," alisema. "Njia za panya zilikuwapo, na wavuvi wa Vanga walichukua watu usiku. Mimi mwaka wa 80 nilikuwa na mimba ya huyu," akaelekeza kidevu kwa binamu yangu uani, "ya miezi minane. Mume wangu akanikataza."

Kukataza nini, nikauliza.

"Kwenda kuzika."

Nyumbani kwake kulikuwa na redio ya betri. Jioni alikuwa akiifungua Radio Tanzania, apate tu kusikia sauti za kwao, na baada ya habari wanasoma matangazo ya vifo. Jioni hiyo akasikia jina la kijiji chao. Akasikia jina la mama yake. Kisha msomaji akaendelea kama wanavyoendelea, habari ziwafikie fulani aliyeko Korogwe, fulani aliyeko Dar es Salaam, na yeye, kwa jina lake kamili na la baba yake, aliyeko Ukunda, Kenya.

"Nilikuwa nimekaa hivyohivyo ulivyokaa. Mbuzi hiyohiyo. Nazi nikaimaliza."

Sikujua la kusema.

"Ungefanyaje? Watu walikuwa wangoja kula."

Akapepeta ungo, akapuliza makapi. Mpaka ulipofunguliwa alikwenda, kabeba mtoto wa miaka mitatu, baba yangu akampeleka kaburini. Baada ya hapo wa kwetu walianza kuja Ukunda. "Wanakuja asubuhi, wanakula mchana, jioni wanarudi. Wanasema ni karibu. Baba yako naye vivyo hivyo, Mungu amrehemu. Miaka 40, mwanangu, hajatokea mtu wa kwetu akaamka kwangu asubuhi akapiga mswaki hapo bombani." Akanyosha shingo kutazama bakuli langu. "Na wewe mbona wakuna hadi kifuu? Nazi yote imekuwa nyeusi."

Pilau ililiwa hivyohivyo na vipande vyake vyeusi.

*

Kumpa shangazi pesa haiwezekani. Nilijaribu siku ya sita, nikazikunja kwenye kiganja kama tunavyofanya, akanirudishia kiganjani vilevile. Mke wa binamu ndiye aliyenifundisha pa kupitia: nikanunua tokeni za stima bila kumwambia mtu, nikajaza mtungi wa gesi, nikaleta mfuko wa mchele nikasema baba watoto ndiye ameuona wa bei nzuri. Watu watano ndani ya nyumba ya saba si mchezo. Simu zetu tu, zinavyochajiwa usiku kucha, zinakula umeme. Nilipopiga hesabu, fedha nilizotupa Diani zingelipia hayo yote na mbuzi wa Krismasi wa majirani juu.

Siku ya kuondoka alikaanga mahamri usiku wa manane kwa ile iliki ya Amani, akatufungia mazito, moto, kwenye kikapu cha ukili. Kwenye basi watu wote walijua tumebeba nini. Alitusindikiza mpaka barabarani, hakulia, akamwambia baba watoto aangalie mabegi.

Sasa anasema atakuja shule zikifungwa, na wajukuu wawili. Anashughulikia hati. Nimemwambia karibu sana, na nyumba yetu ya Tanga ina vyumba viwili, kimoja ni cha watoto na kina kitanda cha juu na chini. Jumamosi nilikwenda sokoni nikanunua mkeka mkubwa, wa kulaza watoto watano wakibanana. Kitinda mimba ameshauchukua kauweka chini ya kitanda chake, na amesema wa katikati ni yeye.